Mpe chembamba kwanza: riwaya ninazowaazimisha wanafunzi wangu

Kabati la riwaya la shule yetu ni la chuma, la milango miwili, na mlango mmoja uligoma kufunguka tangu kabla sijaripoti. Kufuli nalifungua mimi, Jumanne na Ijumaa, kengele ya kwenda nyumbani ikishalia. Ni shule ya kata, ya kutwa, mkoani Tanga, nami nafundisha Kiswahili. Kila Januari, Kidato cha Kwanza kikishapokelewa, hakosi mzazi wa kunisimamisha sokoni na fungu langu la dagaa mkononi: "Mwalimu, huyu mwanangu asome kitabu gani?" Pale sokoni siwezi kujibu vizuri, maana jibu langu huanza na swali. Huyo mtoto amewahi kumaliza kitabu chochote? Hapo mzazi huangalia pembeni.

Basi naandika hapa ninavyofanya mimi. Mwenye maktaba ya kueleweka atanicheka, lakini wengi wetu tuna kabati tu.

Mtoto ambaye hajawahi kumaliza kitabu usimpe kitabu kikubwa wala kitabu kitukufu. Mpe chembamba. Anahitaji kwanza kufika mwisho, ajue kwamba vitabu huisha, na kwamba yeye ni mtu anayeweza kuvimaliza. Mafunzo yatakuja yenyewe, na yasipokuja kwa kitabu hicho yatakuja kwa kingine. Mimi huanza na Kurwa na Doto ya Muhammed Saleh Farsy, ya mwaka 1960. Ni mapacha wawili wa kike katika kijiji cha Unguja, mna posa na harusi na maneno ya majirani, na mtoto wa pwani humo hujiona yuko kwa bibi yake. Kitabu chenyewe hakifiki unene wa daftari la hisabati. Wavulana hukishika kwa ncha za vidole wakiona kina wasichana wawili, kisha wanakirudisha wiki inayofuata wakijifanya hawakukipenda. Ukurasa wa mwisho una alama ya kidole chenye mafuta ya chapati. Nimeshajua.

Nikiona mtoto ana haraka, anatikisa mguu akisoma, namvusha moja kwa moja hadi kwa mpelelezi Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la hadithi la Afrika Mashariki miaka ya mwisho ya 1950, ikachapwa 1960, na hadi leo sijapata kitabu kinachonikamatia Kidato cha Pili kama hicho. Bwana Ali anakutwa ameuawa mzimuni. Kila mtu ana sababu, na Bwana Msa anatembea polepole na rafiki yake Najum, anauliza maswali yanayoonekana hayana maana, huku akivuta kiko. Hapo kwenye kiko ndipo pana kazi. Mwaka juzi kijana mmoja alinijia amekunja uso: "Madam, kiko wapi?" Nikamuuliza nini kiko wapi. "Kimeandikwa Bwana Msa alitoa kiko, sasa kiko wapi?" Nilichora kiko ubaoni, na shina lake na moshi wake, darasa zima likapiga kelele kwamba kumbe. Tangu siku hiyo, kabla ya kuazimisha kitabu chochote cha zamani cha Unguja naandika maneno sita au saba kwenye karatasi na kuibandika ndani ya jalada. Maneno sita tu. Ukiandika arobaini umekwisha kutengeneza somo.

Namna ya kujua kama kitabu kimemkubali mtoto: mpe afungue ukurasa wa kwanza akiwa amesimama hapo hapo, halafu mwache. Mimi hugeuka nikajifanya natafuta kitu ndani ya kabati. Nikisikia karatasi imegeuzwa bila mimi kusema neno, naandika jina lake kwenye daftari. Akikifunga na kusema "Nakichukua, Mwalimu" bila kugeuza, najua anachukua kwa heshima, na kitabu cha heshima kitalala chini ya godoro hadi muhula uishe.

Sasa nije kwa Shaaban Robert, na kumsema Shaaban Robert ukiwa Tanga ni kutafuta ugomvi. Mzee alizaliwa Vibambani, Machui, hapo jirani, na kila mgeni rasmi anayekuja kwenye mahafali lazima amtaje. Matokeo yake ni kwamba watoto hupewa Kusadikika wakiwa na miaka kumi na minne, kwa sababu ndicho kitabu ambacho mkubwa aliyepo anakikumbuka jina. Kusadikika ni hoja za mahakamani mwanzo hadi mwisho. Ni kitamu ukishajua kwa nini mtu, mwaka 1951 chini ya mkoloni, aandike habari za nchi isiyokuwepo, na mtoto wa Kidato cha Kwanza hilo hajui wala hajali. Mpe Adili na Nduguze. Humo kuna mtu mwema kabisa, liwali, anayesifiwa na kila mtu, na kila usiku anawachapa viboko nyani wawili. Msimulie hilo moja tu na ufunge mdomo. Hakuna mtoto aliyesikia habari ya wale nyani akakubali kulala bila kujua ni akina nani. Kiswahili chake kitamsumbua kidogo, lakini atakivumilia kwa ajili ya nyani. Akishazoea sauti ya Mzee, Kusadikika atakifikia mwenyewe, labda Kidato cha Tano.

Kwenye kabati langu kitabu kilichochakaa kuliko vyote ni Siku Njema ya Ken Walibora. Kilichapwa 1996, kikasomwa sana Kenya kama kitabu cha mtihani, huku kwetu kimeingia mikononi mwa watu kimyakimya. Kongowea Mswahili anasimulia mwenyewe: mama yake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu hapa hapa Tanga, anafariki, na kijana anabaki na maisha yake na swali la baba. Baba yuko Kenya. Kijana anavuka mpaka kumtafuta. Nina wanafunzi wengi wanaolelewa na bibi au shangazi, ambao baba kwao ni namba ya simu isiyopatikana. Sijawahi kumwambia hata mmoja wao kwamba kitabu hiki "kinamhusu". Naweka juu ya meza, naendelea kusaini daftari. Ukimwambia mtoto kitabu kinamhusu, umemvua nguo mbele za watu.

Walibora huyo huyo ana Ndoto ya Amerika, fupi zaidi, na ana Kidagaa Kimemwozea kwa waliokwisha kuiva. Alifariki Nairobi, Aprili 2020. Watoto walioniletea habari hiyo waliisikia kabla yangu, kwenye simu za kaka zao, wakati shule zimefungwa kwa ajili ya korona, na mmoja alitembea hadi kwangu kuniambia kana kwamba amefiwa na jirani.

Vitabu vya mtihani hamjavisikia hapa. Takadini, Watoto wa Mama Ntilie na Joka la Mdimu, ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa riwaya za Kidato cha Tatu na cha Nne, sina ugomvi navyo. Takadini ni kisa cha mama aitwaye Sekai anayekimbia na mtoto wake mchanga kwa sababu mtoto amezaliwa na ualbino na kijiji kimekwisha kuamua auawe. Ni kisa cha kukufanya usahau chai jikoni. Lakini mwanafunzi akikifikia kwa ratiba, anakuwa amekwisha kununua uchambuzi wa kufotokopi pale steshenari, kurasa nane zilizobanwa kwa pini, na amekariri dhamira kuu, dhamira ndogondogo na tamathali za semi zenye mifano. Niliwahi kusahihisha insha nzuri sana ya mtoto aliyechambua nafasi ya mwanamke katika Takadini. Nikamuuliza pembeni: Sekai alimbebaje mtoto njiani? Akanitazama. Hakuwa amekifungua kitabu.

Kwa hiyo kama vitabu hivyo viko nyumbani, mpe mtoto akiwa bado Kidato cha Pili, likizo ya Juni, avisome kama hadithi kabla hajakutana na mtu kama mimi mwenye chaki. Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo ndiyo rahisi zaidi kuanza nayo. Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, mama anauza chakula, baba ni mlevi, na jiji linawameza. Watoto wa shule ya kata hawahitaji kuelezwa chochote humo.

Wavulana wa Kidato cha Tatu ni habari nyingine. Huyu ana sauti mpya, anakaa nyuma, na amekwisha kuamua kwamba kusoma riwaya ni kazi ya wasichana. Kwake natoa Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Willy Gamba wa Musiba, kwenye Kufa na Kupona, na Joram Kiango wa Mtobwa, kwenye Tutarudi na Roho Zetu?, ni wapelelezi wa enzi ambazo Dar es Salaam ilikuwa makao ya harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, na adui ni makaburu na vibaraka wao. Bastola, ndege, hoteli, maadui wenye akili. Kijana akimaliza kimoja, anakuja kuuliza kama ni kweli Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na ofisi Dar, na mwalimu wa historia ananishukuru. Lazima niseme pia: humo mna pombe na wanawake wanaopita kama mapambo. Sivifichi. Namwambia akirudisha atanieleza ni mwanamke yupi katika kitabu aliyekuwa na akili kumzidi Willy, na kama hayupo, kwa nini hayupo. Swali hilo moja huwapeleka mbali kuliko hotuba yangu.

Upande wa riwaya ngumu nitasimama kidogo, maana niliwahi kuungua.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilimpa binti wa Kidato cha Pili Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Alikuwa msomaji hodari, ameshamaliza kila kitu kabatini, na mimi nilikuwa na kiburi cha mwalimu mwenye mwanafunzi hodari. Siku ya nne mama yake alikuja na kitabu amekifunga kwenye kanga, kama mtu aliyebeba kitu kilichokufa. Tulisalimiana vizuri, akakaa, akakifungua mahali alipokuwa amekunja ukurasa, akasema, "Mwalimu, mimi sikusoma sana. Nisomee hapa." Nikasoma. Nikafika katikati ya aya nikashindwa kuendelea mbele yake. Hakunitukana. Alisema tu, "Ungeniita kwanza, tukakisoma sote wawili."

Riwaya hiyo ilitoka 1971 na iliwahi kupigwa marufuku shuleni, jambo nililolijua na kulichukulia kama sifa. Ni kitabu kikubwa, na msichana wa Kitanzania anapaswa kukisoma kabla hajaondoka nyumbani: Rosa aliyelelewa kwa ukali wa baba hadi hakujua mwanamume ni mtu wa aina gani, halafu akaachiwa dunia yote kwa siku moja. Lakini kina kutoa mimba, kina kujiua, na kijana wa miaka kumi na mitano hapaswi kubaki peke yake na ukurasa huo saa tano usiku. Siku hizi Rosa Mistika haimo kwenye kabati. Imo kwenye mkoba wangu. Anayeitaka ananiambia, namwita mzazi au mlezi, mara nyingi mama au shangazi, namweleza kilichomo bila kupunguza, na akikubali tunapanga siku mbili za kukaa na mtoto baada ya vipindi. Waliokataa hawajafika watano.

Kwa msichana ambaye nahisi hayuko tayari, natoa Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Nayo ni ya binti aliyefungiwa na baba, Maimuna wa Bwana Maksuudi, akatoroka na kupotea, ila kuna mkono unaomrudisha. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtoto. Mwenye kumaliza Utengano Kidato cha Nne yuko tayari kwa Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ambayo kidato cha tano wataipata darasani hata hivyo: Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka kumi na mitano aliyeozwa kwa mzee Raza, na Unguja ya siasa za kupinga Mwingereza. Na kama ana damu ya bandarini, ana baba au mjomba anayebeba mizigo pale Tanga, kabla ya hapo mpe Kuli ya Adam Shafi huyo huyo, ya 1979, kuhusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Kijana mmoja aliniambia baba yake, kuli mstaafu, alimwambia asome kwa sauti kila usiku baada ya kula. Walimaliza kwa siku kumi na moja, na mzee akaanza kusimulia ya kwake.

Kiingereza nitakipitia haraka. Mtoto wetu ametoka shule ya msingi akijifunza kwa Kiswahili, Januari anaambiwa kila kitu ni Kiingereza. Ukimpa riwaya nene ya Kiingereza mwaka huo unampiga mara ya pili. Richard Mabala ana vitabu vyembamba, Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, vyenye sentensi fupi na watu unaowajua. Nahida Esmail ana The Detectives of Shangani, watoto wapelelezi Mji Mkongwe. Baada ya hapo natumia ujanja wa jozi: Kiswahili kwanza, Kiingereza baadaye, kitabu kile kile. Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute, kisha Things Fall Apart ya Achebe. Mtoto anayejua nini kitatokea haogopi neno asilolijua. Kwa Kidato cha Tano na cha Sita jozi ninayoipenda ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022, na Paradise ya Abdulrazak Gurnah: Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili anayechukuliwa na tajiri kwa deni la baba yake.

Vitabu vinapatikanaje kwa bei ya mwalimu? Maktaba ya mkoa, Tanga mjini, ada yake ya uanachama haimshindi mtu, na wana nakala ambazo madukani zimekwisha. Nikienda Dar napita duka la vitabu la TPH mtaa wa Samora, halafu kwa wauza mtumba wa vitabu wanaopanga chini, ambako nimewahi kuokota Musiba kwa bei ya soda mbili. Kitabu kikifika kabla ya kuazimishwa nakifunga gazeti, juu yake nailoni, na mgongo naushona kwa sindano ya fundi viatu na uzi uliopakwa nta, matundu matano. Solotepu usitumie. Kwa joto la hapa, baada ya mwaka inageuka ulimbo.

Kitabu kikirudi, usiulize "Umejifunza nini?" Miaka miwili ya kwanza nilikuwa nadai muhtasari wa ukurasa mmoja kwa kila kitabu. Waazimaji walipungua hadi wakabaki wale wanaopenda kuandika muhtasari. Sasa nauliza nani alikuudhi zaidi, na ungekuwa wewe ungefanyaje pale. Wanabishana hadi mlinzi anakuja na funguo zake.

Na daftari langu la kuazimisha lina safu moja ya ziada, baada ya jina, kitabu na tarehe: "Uliishia ukurasa wa ngapi?" Hakuna adhabu kwa namba ndogo. Mtoto anayerudisha kitabu ukurasa wa 12 hajashindwa, amenieleza jambo. Kwa safu hiyo nilijua kwamba Kusadikika kinawaangusha mapema, kwamba Siku Njema ikimvusha mtoto kurasa thelathini haiachwi tena, na kwamba nakala yetu moja ya Mzimu wa Watu wa Kale ilikuwa ikirudishwa na kila mtu akiwa ameishia ukurasa ule ule, karibu kabisa na mwisho. Watoto watano, namba moja. Nilikifungua nikakuta kurasa za nyuma zimechomoka zote. Hakuna aliyesema. Walikuwa wamekwisha kuamua muuaji wao, kila mmoja na wake, na wawili hawakuwa wakisalimiana kwa ajili hiyo.

Nilipanda daladala Jumamosi nikaenda maktaba ya mkoa, nikakaa na nakala yao, nikanakili mwisho kwa mkono kwenye karatasi za mistari, pande zote mbili, hadi vidole vikafa ganzi. Jumanne nilizishona ndani. Wale wawili walikuwa wamesimama kwenye mlango mbovu wa kabati kabla kengele haijalia.